Nadizaini ndani ya gari isiyo na dereva, kila ninayemuonyesha anasema "nzuri" basi. Nitumie zana gani?

KalamuNaKaratasi

Wakuu habari za muda huu. Mada ni ndefu kidogo naomba mnivumilie.

Niko mwaka wa mwisho wa dizaini na projekti yangu ni kudizaini ndani ya gari inayojiendesha yenyewe. Siti nne, haina usukani wala pedali, abiria wanaweza wasijuane kabisa, yaani gari inaokota huyu hapa na yule pale kama njia yao ni moja. Umbo la nje limeshapangwa, mimi nahangaika na ndani tu: siti zielekee wapi, mizigo ikae wapi, skrini imwambie mtu nini na saa ngapi, na mtu akitaka kushuka kabla ya pale alipoandika anafanyaje.

Nimefuata hatua zote tulizofundishwa. Nimefanya intaviu, nikatengeneza pesona tatu (watumiaji wa mfano wa kubuni), nikachora ramani ya safari ya abiria tangu anaita gari mpaka anafunga mlango nyuma yake, nikachora skrini zote kwenye Figma, programu ya kuchora skrini, zinabofyeka kabisa, afu ndani ya gari nikajenga kwenye Blender, programu ya michoro ya 3D, na taa na vitambaa na kila kitu. Siti zinatazamana kama sebuleni, katikati kuna meza ndogo. Nikawaonyesha watu 9. Wote wamesema nzuri. "Safi sana", "ntapanda hata kesho". Mmoja ndo aliuliza kama siti zinaweza kuwa za rangi nyingine. Nimerudi na kurasa 14 za maelezo na hamna hata mstari mmoja wa kunifanya nibadilishe mchoro, na mimi najua mchoro wa kwanza hauwezi kuwa sahihi wote, kuna kitu sikioni.

Nimebakiwa na wiki 8. Msimamizi wangu anapendekeza miwani ya VR ili watu "waingie" ndani ya gari. Mwenzangu anasema nigawe dodoso la SUS, lile la kupima kitu ni rahisi kutumia kiasi gani, nipate namba ya kuandika kwenye ripoti. Nyie mliofanya kazi hizi, ni zana gani inamfanya mtu aseme kitu cha kweli kuhusu gari ambayo haijawahi kumbeba?

mtafiti_mtembezi

Karibu mkuu, na hongera kwa kutoridhika na "nzuri", wengi wakiipata hiyo wanaibandika kwenye slaidi wanaendelea na maisha.

Watu wako 9 uliwapa picha wakakujibu kuhusu picha. Picha haikati kona, haiumizi mgongo, haina mtu mwingine anayepumua karibu yako. Hilo dodoso la SUS ni zuri, John Brooke alilitengeneza mwaka 1986, maswali 10 na alama kuanzia 0 mpaka 100, wastani unaotajwa sana ni 68, lakini ni kama kipimajoto, kinakwambia homa ipo hakikwambii inatokea wapi. Weka mwishoni ukishakuwa na matoleo mawili ya kulinganisha. Sasa hivi huna cha kupima.

Nenda katafute tepu ya karatasi, kadibodi kubwa na viti vinne vya kawaida. Bandika sakafuni vipimo halisi vya ndani ya gari yako, sentimita kwa sentimita, usizungushe namba. Simamisha kuta za kadibodi, mlango uukate kwa upana wake halisi na kizingiti chake, na usisahau dari, watu wanasahau sana dari wakati dari ndo inayomfanya mtu aingie ameinama na mkono unatafuta pa kushika. Afu waite watu wanne wasiojuana, mmoja mpe begi kubwa, mmoja mpe mdoli wa kilo kadhaa aubebe kama mtoto aliyelala, mmoja mpe simu inayokaribia kuzima chaji, waambie safari ni dakika 30. Baada ya hapo wewe kaa pembeni kimya andika. Usiulize maswali. Angalia mikono, magoti na macho.

Niliwahi kufanya hivi kwa chombo kidogo cha kuzungusha wafanyakazi ndani ya eneo la kiwanda, siti zinatazamana hivohivo kama zako. Kwenye mchoro nafasi kati ya goti na goti ilionekana ya kutosha kabisa, tulikuwa tunaisifia. Watu walipokaa, haikupita dakika tatu kila mmoja alikuwa amepeleka miguu upande, wawili wametazama sakafu, na yule mama wa dirishani alikuwa amelipakata begi lake kifuani kalikumbatia, begi ambalo alipoingia aliliweka chini. Hakuna aliyelalamika. Tulipowauliza baadae walisema ni nzuri! Lile begi ndo lilikuwa jibu. Mwanaanthropolojia Edward Hall aliandika mwaka 1966 kwamba chini ya kama sentimita 45 mtu anahesabu ni eneo la watu wake wa karibu sana, na namba zinabadilika kwa jamii na jamii, lakini huhitaji hata namba, ukimuona mtu anajijengea ukuta kwa begi ujue umemsogezea mgeni mno.

Hatua ya pili ni kumtembeza. Kuna njia ya zamani ya kumficha mtu nyuma ya pazia akajifanya mashine, John Kelley aliitumia miaka ya 1980 kupima kompyuta ya kuelewa lugha ya mtu wakati kompyuta yenyewe ilikuwa bado haiwezi. Kwenye magari watafiti wa Stanford wakaja na toleo lao, kwenye 2015 hivi: gari ya kawaida, dereva wa kawaida, katikati wakaweka kizuizi ili abiria asimuone dereva, na mtu wa pili kakaa nyuma anaendesha sauti na skrini. Gharama yake ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Wewe unahitaji gari yenye siti za nyuma, pazia, dereva mpole na kompyuta mpakato inayorusha skrini zako za Figma. Ila mkuu, mshiriki apate maelezo kabla kwamba kuna dereva wa kweli na akisema simama gari inasimama, mikanda wafunge wote, na ufanyie eneo lililofungwa lisilo na magari mengine. Utashangaa, hata wakijua kuna mtu nyuma ya pazia, baada ya muda mfupi mwili unasahau.

FundiSiti

Mimi kazi yangu ni siti na mikanda, skrini siziingilii. Naomba niongee kuhusu hizo siti za kutazamana maana kila mwanafunzi anachora sebule.

Ndani ya gari vipimo vinaanzia kwenye nyonga. Kuna nukta tunaiita H-point, ni pale paja linapokutana na kiwiliwili mtu akiwa amekaa, ukishaiweka hiyo ndo unajua kichwa kiko mbali kiasi gani na dari, jicho linafika wapi, mkono unafikia kitufe gani bila mgongo kuacha siti. Blender yako umeweka mtu mmoja wa katikati bila shaka. Weka wawili: mwanamke mdogo wa asilimia 5, yaani kwenye wanawake mia watano tu ndo wadogo kuliko yeye, na mwanaume mkubwa wa asilimia 95. Yule mdogo ndo miguu inaning'inia na mkanda unamkata shingoni, na yule mkubwa magoti yake ndo yatagonga ya mwenzie. Na hata hapo bado kuna watu umewaacha nje ya hiyo mistari miwili nao wanapanda magari.

Sasa usalama. Mercedes walileta F 015 mwaka 2015 ina siti nne zinazogeuka zikatazamana, Volvo 2018 wakaleta 360c mtu analala kabisa, magari ya maonyesho mazuri sana, watu wakachukulia ndo njia imefunguka. Lakini siti ikigeuka, mkanda hauwezi tena kushikwa na nguzo ya mlango, lazima ushikwe na siti yenyewe, maana yake siti nzima na miguu yake na sakafu ndo vinabeba uzito wa mtu gari ikigonga. Mtu akilala sana mkanda wa kiunoni hauushiki tena mfupa wa nyonga, unapanda tumboni na mwili unateleza chini yake, na tumbo halina mfupa wa kulinda kitu. Ndo maana Volvo wenyewe walifikiria blanketi maalum la kumshika aliyelala, waliliona tatizo.

Kutazamana kunawezekana, kampuni ya Zoox walionyesha gari yao inayojiendesha Desemba 2020, siti nne zinatazamana na haina mbele wala nyuma, inaenda pande zote mbili, lakini ilibidi watengeneze mifuko ya hewa mipya ya kufuata huo mpangilio, hawakuchukua ya dukani. Na Marekani mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, mwezi Machi 2022 iliandika upya vipengele vya kulinda abiria kwa magari yasiyo na usukani, na msimamo wao ni kwamba abiria wa humo alindwe sawasawa na wa gari ya kawaida. Kuondoa usukani hakukupi msamaha.

Anayetazama nyuma kwa ajali ya mbele kwa kweli yuko pazuri, mgongo wote unapokelewa na siti, ndo sababu watoto wachanga wanawekwa wametazama nyuma. Anayemtazama yeye ndo wa kumfikiria. Mkanda unamzuia lakini vilivyo mezani havina mkanda. Hiyo meza yako ndogo katikati naomba uiondoe leo. Ikibaki, aliyetazama mbele tumbo lake litaikuta, na laptopu iliyokuwa juu yake itamkuta wa upande wa pili usoni.

KalamuNaKaratasi

Mkuu FundiSiti meza naiondoa. Sikuwahi kufikiria kabisa kuhusu laptopu, nilikuwa nawaza mahali pa kuweka kikombe. Na ni kweli nimeweka mtu mmoja wa katikati.

Swali kidogo, mikanda mnapima vipi kwenye kadibodi?

FundiSiti

Nguvu ya mkanda hupimi, hilo lina maabara zake. Unachopima ni kama mtu anaufunga. Chukua mkanda chakavu ufunge kwenye kiti kwa urefu halisi, mwangalie mtu mwenye mtoto mkononi anaufikiaje, anatumia sekunde ngapi, anaangalia wapi. Kwenye gari ya dereva, dereva ndo anamwambia mtu funga mkanda. Kwako nani atasema, na atasemaje mbele ya watu watatu asiowajua bila kumuaibisha. Hapo ndo kuna dizaini.

UpepoDirishani

Mimi nakuja na kitu ambacho naona hamjakigusa. Kichefuchefu.

Ni mtu ambaye nikisoma ujumbe mrefu kwenye gari dakika tano nimekwisha, na nimesoma sana kuhusu hili maana linanihusu mwenyewe. Kwa maelezo yanayokubalika, sikio la ndani linasikia gari inapinda na inasimama, jicho liko kwenye simu linasema tumetulia, ubongo unapata habari mbili zinazogombana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Sivak na Schoettle, waliandika mwaka 2015 kwamba magari ya kujiendesha yataongeza hili tatizo, kwa sababu tatu: hayo macho na sikio kupingana, mtu kushindwa kujua gari inataka kwenda wapi sekunde ijayo, na kutokuwa na mamlaka juu ya mwendo. Mkiangalia ni hivi, dereva huwa hatapiki. Mtu huyohuyo akihamia siti ya nyuma anatapika. Sasa nyie mnaondoa usukani, mnatufanya wote kuwa abiria wa nyuma, afu mnatupa skrini magotini mnasema furahia muda wako.

Na nusu ya siti zako zinatazama nyuma, na kwa wengi wetu hapo ndo hali inakuwa mbaya zaidi.

Mwendo unaochefua zaidi sio ule wa mashimo, ni ule wa polepole, wimbi moja kila sekunde 5 hivi, kuyumba kwa taratibu, kusimama na kuondoka. Kwaiyo ukipima kwenye kadibodi iliyosimama mtanipenda sana maana ntakaa saa nzima natabasamu. Kwenye gari ya pazia ndo utaona. Niweke natazama nyuma, nipe kitu cha kusoma, kila baada ya dakika moja niulize namba. Kuna kipimo kinaitwa MISC, kuanzia 0 hamna shida mpaka 10 ambayo ni kutapika, 6 ni pale kichefuchefu chenyewe kinapoanza. Weka sheria yako kabla: mtu akifika 4 gari inasimama, haijalishi data imebaki kiasi gani. Na muulize tena baada ya nusu saa ameshashuka, mimi hukaa nayo mpaka jioni.

Vinavyonisaidia mimi: dirisha linaloanzia chini ya bega ili pembeni ya jicho nione barabara hata nikiwa nasoma, skrini iwe usawa wa macho isiwe mapajani, na kuambiwa kona kabla ya kona. Mwaka 2024 Apple waliweka kwenye simu zao vidoti pembeni ya skrini vinavyosogea kufuata mwendo wa gari, wazo ni hilohilo, kumrudishia jicho habari aliyoikosa. Kwa gari yako inaweza kuwa mstari wa mwanga ukutani unaoteleza upande wa kona sekunde mbili kabla. Jaribu, usinielewe kama sheria, jaribu.

kioo_cha_tatu

Mi ntawatetea kidogo watu wa VR maana naona miwani imetupwa nje kabla ya kusikilizwa. Ina kazi yake. Ukitaka kujua mtu aliyekaa siti namba 3 anaona nini dirishani, mwanga wa jua la saa kumi unapiga skrini gani, au ukitaka kumuonyesha mtu tukio ambalo huwezi kulifanya kweli, mfano mtu kakatiza ghafla mbele ya gari, miwani inakufaa na unabadilisha mpangilio kwa dakika kumi badala ya kukata kadibodi upya. Ila usiitumie kupima kichefuchefu, miwani yenyewe inawachefua watu, utashindwa kujua kilichomchefua ni gari yako au ni miwani. Na usiitumie kupima mkono unafika wapi, mtu kwenye miwani anapitisha mkono katikati ya mlango na hasikii kitu.

Mpangilio wangu ungekuwa kadibodi, gari ya pazia, miwani kwa yale mawili matatu yaliyobaki. Figma katikati yote hayo kama ya kurusha skrini.

NasikiaTu

Habari zenu. Mimi sioni, natumia programu ya kusoma skrini kuandika hapa. Nimesoma mada yote na nimefurahi watu wanavyomsaidia kijana, ila pesona tatu za mleta mada zote zinaona, nimekisia tu, nikikosea anisamehe.

Gari hizi zinatuhusu sisi kuliko mtu yeyote. Mtu wa kwanza kupanda gari ya Google peke yake barabarani bila usukani ndani, Austin mwaka 2015, ni Steve Mahan, na Mahan kisheria ni asiyeona. Walimchagua kwa sababu nzuri. Kwaiyo ukisema "dizaini inayoanza na mtumiaji" anza na yule ambaye gari ya kawaida haimpi nafasi ya kuendesha.

Ngoja nikutembeze. Gari imefika. Ipo wapi? Nasikia magari matatu, yako haina hata injini ya kunguruma. Nimeifikia, mlango uko upande gani, unafunguka kwa kuvutwa au unateleza. Nimeingia, siti ipi iko wazi? Dereva huwa ananiambia "kaa hapo kushoto kwako". Bila yeye napapasa, na kupapasa siti ambayo ina mtu ni aibu kwangu na hofu kwake. Nimekaa, mkanda upo wapi. Tunaenda. Imesimama. Tumefika, au ni taa nyekundu, au kuna shida? Wenye macho wanaangalia nje. Nikifungua mlango kuna baiskeli inakuja? Nimeshuka, nageukia wapi?

Hayo yote dereva huwa anayajibu na hajui kama anayajibu. Ndo maana nakwambia andika orodha ya kila kitu dereva anachofanya ambacho sio kuendesha, panda na madereva ukawasikilize hata siku mbili, utapata zaidi ya intaviu zako zote.

Kuhusu skrini. Kioo cha kubofya kwangu ni ukuta laini. Kitufe cha kusimamisha gari kiwe kitufe, chenye umbo, kinachobonyea, mahali pamoja kila siti, na nukta nundu pembeni yake. Magari ya mwanzo ya Waymo, kampuni ya magari yanayojiendesha iliyotokana na mradi huo wa Google, yalikuwa na vitufe vya kweli vya kuanza safari, kusimama pembeni na kuomba msaada, na hiyo ni akili nzuri hata kwa anayeona, mtu akiogopa hasomi menyu.

Na jambo la mwisho, najua mtasema sauti. Sauti inasaidia ndiyo, lakini hii gari ina wageni watatu. Spika ikitangaza "umefika, mlango wa tatu baada ya duka la dawa" umewaambia watu nisiowajua, ambao mimi siwaoni na wao wananiona, ninapoishi. Fikiria sana hapo.

KalamuNaKaratasi

Ndugu NasikiaTu hujakosea, zote tatu zinaona na zote tatu zinatembea. Nimeshindwa kulala vizuri baada ya kusoma. Hiyo ya spika kutangaza mtu anakoishi, mimi ndo nilikuwa nimeandika hivyo neno kwa neno kwenye mchoro wangu, kwamba gari "inamkaribisha mtu nyumbani".

Naenda kukata kadibodi. Ntarudi.

KalamuNaKaratasi

Wakuu nimerudi, wiki tano zimepita. Nimefanya safari za kadibodi 6 na za gari ya pazia 11, uwanja uliofungwa, kasi ya chini, dereva ni kaka yangu. Wawili kati ya washiriki hawaoni, mmoja anatumia kiti cha magurudumu. Mpangilio mzima umebadilika kwaiyo naandika kwa urefu.

Siti hazitazamani tena uso kwa uso. Mbili zinatazama mbele, mbili zimegeuzwa kama pembe, kila mtu anaweza kutazama dirisha bila shingo kupinda na bila kugongana macho na mwenzie. Kwenye kadibodi ya kwanza nilimuona kijana mmoja anasoma karatasi ya maelekezo ya kuvaa mkanda, anairudia na kuirudia, kumbe anatafuta pa kuweka macho. Siti moja inakunjwa juu kupisha kiti cha magurudumu, na mshiriki mwenyewe ndo alinionyesha kwamba nafasi niliyoacha inamtosha kuingia lakini haimtoshi kugeuka, ningemfanya ashuke kinyumenyume safari nzima ya maisha yake. Nimeongeza. Mizigo imeshuka chini ya siti na ina ukingo wa kuizuia isitoke.

Kichefuchefu: UpepoDirishani ulikuwa sahihi kabisa kuhusu kutazama nyuma. Siti zilizotazama nyuma moja kwa moja niliwasimamisha watu wawili walipofika 4, kwenye za pembe hakuna aliyevuka 2, ingawa najua safari zangu ni fupi na uwanja ni tambarare, sitoandika kama ushahidi. Ule mstari wa mwanga wa kona nimeujenga kwa taa za ukanda na kaka yangu anabonyeza swichi kabla ya kukata kona. Watu hawakuutaja kabisa hata mmoja, ila nilipouzima safari ya mwisho, mmoja akauliza "mbona sasa hivi inakata ghafla?" na mwendo ulikuwa uleule.

Sasa kilichonigusa zaidi. Kwenye skrini nilikuwa nimeweka dakika zilizobaki, kubwa, katikati, nilijua ndo mtu anachotaka. Nikamwambia kaka katikati ya safari asimame sekunde 40 bila sababu yoyote inayoonekana. Wote walifanya kitu kilekile kwa mpangilio uleule: wanaangalia mbele, wanaangalia skrini, wanaangalia wenzao. Mama mmoja mguu wake wa kulia ulikuwa unabonyeza sakafu, na sidhani alijua. Dakika zilizobaki hazikumsaidia mtu, mwingine alisema "inaniambia dakika 6 lakini haitembei, kwaiyo inadanganya". Safari zilizofuata nikaweka sentensi moja tu, "Nimesimama, napisha mtu anayevuka", na sauti yake ya chini, na watu wakarudi kwenye simu zao. Wasioona nao vilevile, mmoja alisema hiyo ndo sentensi ambayo dereva huwa anaisema kama anaongea peke yake.

Kuhusu siri ya anakoshukia mtu, sauti za pamoja sasa zinaongelea gari tu, kusimama, kupisha, kuondoka. Za mtu binafsi zinakwenda kwenye simu yake na kwenye sikio lake. Na siti inatetemeka kidogo mara mbili ukibaki mita chache kushuka.

SUS nimefanya pia, matoleo mawili, namba nimeweka kwenye kiambatisho. Msimamizi kaniuliza mbona kurasa za picha za Blender zimekuwa mbili tu.

mtafiti_mtembezi

Huyo mama wa mguu wa kulia muweke ukurasa wa kwanza wa ripoti. Kama una picha ya mguu tu, na amekuruhusu, weka picha.

NasikiaTu

Nimefurahi kwa kweli, hasa hiyo ya simu na sikio. Kitufe cha kusimama umekiweka wapi?

KalamuNaKaratasi

Kwenye ukingo wa siti, usawa wa paja, pande zote mbili. Mwanzo kilikuwa kulia tu. Mshiriki wa 6 alikuwa amembeba mdoli mkono wa kulia, nikamuona anavuka mwili mzima na mkono wa kushoto akipapasa, na mdoli kichwa kikaning'inia.

NasikiaTu

Sawa. Cha kushoto nacho kina nukta nundu?

KalamuNaKaratasi

Hakikuwa nacho. Naiweka leo.